Kona ya Sayansi: Nyuzi Zinazopenda Maji

 

Majuzi darasani tulikuwa tunajifunza majina ya sehemu za mti: mzizi, shina, gome, utomvu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la kati akauliza swali ambalo sikutaka lipite hivi hivi. Alisema, "Mwalimu, karatasi inatoka kwenye mti. Mti unanyeshewa mvua miaka yote na hauharibiki. Kwa nini karatasi ikilowa inakatika?" Mimi ni muuguzi, si bwana misitu, lakini swali hili ninakutana nalo kazini kila siku, kwa sababu pamba, bandeji na shashi zote ni ndugu wa karatasi. Leo nalijibu kwa kirefu kidogo, na nitafika mbali kuliko lilikoanzia. Nawaomba wazazi msome pamoja na watoto. Wale wadogo waanze na majaribio ya jikoni, mengine watayakuta wakikua.

Jibu linaanzia kwenye kitu kiitwacho selulosi. Mwaka 1838 mkemia Mfaransa, Anselme Payen, alichukua sehemu za mimea mbalimbali, akaziondolea vitu vingine kwa kemikali, na kila mara akabaki na kitu kilekile. Hicho ndicho selulosi. Shati la pamba ni selulosi karibu tupu. Mbao, mkonge, ukindu wa mkeka, makumbi ya nazi, mabua ya mahindi, vyote vina selulosi iliyochanganyika na vitu vingine.

Ili uione, fikiria uzi mrefu wa shanga. Kila shanga ni sukari aina ya glukosi, ileile ninayoipima kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari. Ila hapa shanga zimeunganishwa kwa namna ambayo matumbo yetu hayawezi kuzifungua, ndiyo maana hakuna mtu anayeshiba kwa kula karatasi. Kila shanga ina mikono midogo mitatu, na kila mkono ni oksijeni iliyoshika haidrojeni. Wakemia huiita haidroksili, sisi tuendelee kuiita mikono. Mikono hii haipendi kukaa bure. Ikikutana na mikono ya uzi wa jirani, inashikana nayo. Ikikutana na maji, inashikana na maji, kwa sababu maji nayo yameundwa kwa oksijeni na haidrojeni. Mshiko mmoja peke yake ni dhaifu na huachia upesi. Mishiko mamilioni kwa pamoja ni habari nyingine.

Shikeni hilo la mikono. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Sasa jaribio. Chukua shashi moja, ikate vipande viwili vyembamba virefu. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kitie tone moja la maji katikati. Vuta vyote viwili. Kile chenye tone kitaachana pale palipolowa, bila hata sauti. Halafu chukua uzi wa kushonea wa pamba (angalieni kibandiko, maana nyuzi nyingi za dukani ni poliesta), uloweshe mpaka uwe chepechepe, uvute. Haukatiki ng'o. Tena pamba ikilowa huwa na nguvu kidogo zaidi kuliko ikiwa kavu. Mabibi zetu walizifua kanga, wakazikamua kwa nguvu zao zote, wakazipigapiga kwenye jiwe, na kanga zikadumu miaka.

Shashi ni selulosi na pamba ni selulosi, sasa mbona maji yanaivunja moja na kuiacha nyingine? Tofauti iko kwenye kinachoshikilia nyuzi. Katika shashi nyuzi ni fupi, milimita chache tu, zimelazwa moja juu ya nyingine, na kinachozishikanisha zaidi ni ile mikono. Maji yakija, kila mkono unapata mshirika mpya. Nyuzi zinaachiana. Katika uzi wa pamba, nyuzi ni ndefu na zimesokotwa. Maji yanaingia na kushika mikono vilevile, lakini msokoto hauondoki, na msuguano wa nyuzi zilizobanana unaendelea kushikilia. (Ile karatasi nene ya kufutia jikoni ni ya katikati. Kiwandani wameitia gundi maalumu isiyoyeyuka, ndiyo maana unaweza kufutia meza nayo ikiwa imelowa. Msiitupe chooni, itaziba bomba.)

Na mti je? Ndani ya mti nyuzi za selulosi zimezungukwa na gundi ngumu iitwayo ligini, ambayo haipendi maji kama selulosi inavyoyapenda. Ni kama nondo ndani ya zege: selulosi ni nondo, ligini ni zege. Kiwanda kinachotengeneza karatasi nyeupe huiyeyusha ligini na kuitoa. Kwa hiyo karatasi ni mti ulionyang'anywa zege lake, zikabaki nondo tupu zilizolazwa pamoja. Hata hivyo usidhani maji hayaudhuru mti kabisa. Ubao mbichi ni laini na dhaifu kuliko ubao mkavu, ndiyo maana fundi seremala mzuri hukausha mbao kwanza. Tunawaambia watoto samaki mkunje angali mbichi. Fito za kujengea ni hivyo hivyo, mbichi inapinda, kavu inavunjika.

Hapo swali la mwanafunzi wetu limejibiwa. Lakini kuna watu waliuliza swali la pili: je, tukiupasua uzi wa mti mpaka mwisho, tutafika wapi? Kamba kubwa imesokotwa kwa kamba ndogo, na kamba ndogo kwa nyuzi. Uzi wa mti nao uko hivyo. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba zaidi, na ndani ya hizo kuna nyingine, mpaka unafika kwenye uzi wenye upana wa nanomita 3 au 4. Nanomita ni meta moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Nyuzi za udogo huo ndizo zinazoitwa nanoselulosi.

Waliozipata kwanza kwa njia hii walikuwa Wamarekani, Albin Turbak na wenzake wawili, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya kampuni ya karatasi huko New Jersey. Mashine waliyotumia ni ile ya kusawazishia maziwa, inayoyapitisha maziwa kwenye tundu dogo kwa nguvu kubwa ili malai yasielee juu. Wao badala ya maziwa walitia maji yenye nyuzi za mti. Upande wa pili likatoka rojo zito linalopenyesha mwanga. Tatizo lilikuwa umeme: mashine ililazimika kufanya kazi sana kuzitenganisha nyuzi, kwa sababu ya ile mikono iliyoshikana. Mwaka 2006 Tsuguyuki Saito na Akira Isogai wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakaonyesha njia nyingine. Waliibadilisha kwa kemikali baadhi ya mikono iliyo juu ya nyuzi ili ibebe chaji hasi ya umeme. Chaji zinazofanana husukumana, kama sumaku mbili ukizikutanisha ncha zinazofanana. Baada ya hapo kukoroga kidogo tu kulitosha kuzitenganisha. Kazi hiyo iliwapatia, pamoja na Yoshiharu Nishiyama, Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2015.

Neno letu la wiki hii ni mnato. Linatokana na kunata. Chai ina mnato mdogo, uji mzito una mnato mkubwa, asali zaidi. Wazazi, litumieni neno hili mezani. Watoto wetu wanalijua kwa Kiingereza kutoka shuleni na hawajui kama Kiswahili kina lake.

Ukichukua gramu 2 za sukari ukazitia kwenye gramu 98 za maji, huoni tofauti yoyote, ni maji tu yenye utamu. Ukitia gramu 2 za nanoselulosi kwenye maji hayohayo, unapata rojo zito kama losheni, linalokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Asilimia 98 ni maji, na bado halimwagiki! Sababu ni umbo. Nanoselulosi ni nyembamba sana na ndefu sana, urefu wake ni zaidi ya mara 100 ya upana. Chukua konzi ya maharage uimwage kwenye ndoo, itatulia chini. Chukua njiti za fagio la chelewa, hata chache, uzitupe ovyo kwenye ndoo ileile. Zitakwama huku na huku na kujaza ndoo yote ingawa ndani kuna hewa tupu. Nyuzi hizi hufanya hivyo ndani ya maji, na maji yanabaki yamenaswa katikati yake. Mengine yameshikwa na mikono, lakini mengi yamezuiwa tu, kama samaki kwenye wavu.

Sasa likoroge rojo hilo. Linalainika na kutiririka. Liache, linaganda tena. Asali haifanyi hivyo: uikoroge polepole au upesi, mnato wake ni uleule. Tomato sosi inafanya. Ukiipindua chupa haitoki kitu, ukiitikisa inatoka ghafla kuliko ulivyotaka. Fikiria Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Watu wamesimama wakibishana bei, kila mmoja ameelekea kwake, hupiti. Wakianza kutembea upande mmoja kupitia uchochoro, wanajipanga mmoja nyuma ya mwingine na njia inafunguka. Nyuzi nazo zikisukumwa hujipanga kufuata mkondo na maji hupita kati yake. Msukumo ukiisha, zinarudi kukwama. Wale watoto waliocheza na unga mweupe wa wanga wa mahindi na maji shuleni, ule unaokuwa mgumu ukiupiga ngumi, wakumbuke kwamba ule ni kinyume kabisa cha huu.

Tabia hii imekwisha kuingia mifukoni mwetu. Mwaka 2015 kampuni ya Japani iitwayo Mitsubishi Pencil (haina undugu na ile ya magari) ilianza kuuza kalamu ya jeli ambayo wino wake umetiwa nanoselulosi. Kigololo cha ncha kikizunguka, wino unasukumwa na kulainika. Kalamu ikitulia, wino unakuwa mzito na hauvuji mfukoni.

Kuna ujanja wa maji hapa ambao huwasumbua hata wenye maabara. Rojo likisukumwa ndani ya bomba, maji kidogo hujitenga na kukaa kati ya rojo na ukuta wa bomba. Basi rojo zima linateleza kama kipande cha sabuni, bila kukorogeka ndani. Chombo cha kupimia kinasema mnato ni mdogo, kumbe rojo halijalainika, limeteleza tu. Chumvi nayo huvuruga mambo. Zile nyuzi za Tokyo zinasukumana kwa chaji zao, na chumvi huzifunika chaji hizo. Chumvi kidogo inafanya rojo kukaza, nyingi inafanya nyuzi zigandane mabonge na maji yajitenge pembeni. Kwetu wauguzi hilo si dogo, kwa maana majimaji yote ya mwili wa binadamu yana chumvi.

Hapo tumeongelea maji mengi. Sasa tuyaondoe.

Ukilitandaza rojo la nanoselulosi na kulikausha taratibu, maji yanapotoka huzivuta nyuzi zisogeleane. Mkono uliokuwa umeshika maji unabaki mtupu, unashika mkono wa jirani. Mwishoni unapata karatasi nyembamba, laini, unayoweza kuona upande wa pili. Mwaka 2008 watafiti wa Stockholm walipima karatasi kama hiyo, ikakatika kwa mvuto wa megapaskali 214. Tuiweke kwa lugha ya nyumbani: kiukanda cha upana wa sentimita 1 na unene wa milimita 0.1 kingebeba kama kilo 21 kabla ya kukatika. Hilo ni karibu begi zima tunalopimiwa uwanja wa ndege tukienda likizo, linaning'inia kwenye kipande cha karatasi.

Ila hiyo ni karatasi kavu. Iweke kwenye hewa ya unyevu, inaanza kubadilika. Iloweke ndani ya maji, inavimba na kuwa tepetepe, na ile nguvu inapotea sehemu kubwa. Maji hayapenyi ndani ya uzi wenyewe, kwa sababu shanga za ndani zimepangika na kubanana vizuri mno. Yanaingia kati ya uzi na uzi, yanachukua mikono, na nyuzi zinaanza kuteleza. Kwa hiyo uzi mmoja mmoja umebaki na nguvu zake, kilichoondoka ni ushirikiano.

Msifikiri kwamba kavu kabisa ndiyo bora. Aliyewahi kukaa na bibi anayesuka ukili anajua. Miyaa ikikauka kau hukatika mkononi ukiikunja, kwa hiyo kwanza huloweshwa, halafu inasukwa ikiwa laini. Maji kidogo yanaziruhusu nyuzi kuteleza kidogo badala ya kuvunjika. Mkeka ukikauka, mikunjo inabaki ilipowekwa. Karatasi ya nanoselulosi iko vivyo hivyo: ikiwa kavu mno ni ngumu na huvunjika ghafla, ikiwa na unyevu wa wastani inavutika zaidi kabla ya kukatika, ikizidi unyevu inalegea. Kupiga pasi ni somo hilohilo. Unanyunyizia shati maji ili mikono iachiane, joto linayatoa maji, na mikono inashikana upya shati likiwa limenyooka. Na hata shati unaloliita kavu lina maji. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake, bila wewe kuhisi.

Sasa lililo gumu kuliko yote. Nanoselulosi ikishakauka, ukiirudishia maji hairudi kuwa rojo lile la kwanza. Mikono iliyoshikana wakati wa kukauka, mingine haiachii tena. Kila karatasi inayorudishwa kiwandani kutengenezwa upya hupatwa na hili. Nyuzi zake zinavimba kidogo kuliko mara ya kwanza, na karatasi mpya inakuwa dhaifu kuliko ile ya zamani. Taulo lililoanikwa kambani na kukakamaa ni jamaa wa karibu. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walieleza kwamba maji machache yanayobaki yakiwa yamegandamana na uso wa pamba hufanya kazi ya gundi kati ya nyuzi. Ndiyo maana ukilikung'uta taulo hilo linalainika.

Angalieni hesabu inayotoka hapo. Kama rojo haliwezi kukaushwa, lisafirishwe likiwa na maji yake. Lori la tani 30 lililojaa rojo la asilimia 2 limebeba kilo 600 tu za nanoselulosi. Zilizobaki ni tani 29.4 za maji, zinazochomewa mafuta barabarani. Watafiti wanajaribu kuligandisha kwa baridi kisha kuondoa barafu, au kutia sukari nyingine katikati ya nyuzi ili zisishikane zikikauka. Kwa maoni yangu, hili la usafiri ndilo litakaloamua kama kitu hiki kitafika madukani kwa bei ya watu wa kawaida, kuliko ile nguvu inayosifiwa.

Nirudi kwenye fani yangu. Zamani kidonda kiliachwa kikauke kipate kigaga. Mwaka 1962 George Winter, hapa Uingereza, alionyesha kwa kutumia nguruwe kwamba kidonda kikihifadhiwa na unyevu, ngozi mpya inaota upesi zaidi. Tangu hapo tunatafuta kitambaa kinachoweza kubaki na maji bila kukiozesha kidonda. Selulosi inafaa sana kwa kazi hiyo, na si ya miti tu. Mwaka 1886 Mwingereza Adrian John Brown aligundua kwamba kuna bakteria wanaosuka selulosi wenyewe. Ni wale wanaotengeneza ngozi nyeupe juu ya siki inayochachuka au kombucha. Ngozi hiyo ni maji karibu asilimia 99, na bado unaweza kuishika na kuivuta, kwa kuwa bakteria wameisuka kama wavu mmoja ndani ya majimaji, haijawahi kukauka. Wafilipino huilea kwenye maji ya nazi, wanaikata vipande na kuila kwa sukari; huitwa nata de coco, na hapa Uingereza inapatikana kwenye maduka ya Waasia. Kibane kipande kimoja kwa vidole: maji yanatoka, unabaki na kitu chembamba kigumu kutafuna. Nyumbani Brazili madaktari waliitumia ngozi ya aina hiyo, iliyosafishwa, kufunikia majeraha ya moto, na wakachapisha matokeo mwaka 1990.

Helsinki, Ufini, walitumia nanoselulosi ya mti kwa wagonjwa 9 waliokuwa wameungua, wakachapisha mwaka 2016. Walifunika sehemu ambazo ngozi ilichukuliwa kwenda kupandikizwa kwingine. Kitambaa kiliwekwa kikiwa na maji, kikashika kidonda, na ngozi mpya ilipomaliza kuota chini yake kilibanduka chenyewe. Aliyewahi kumbandua mtoto bandeji iliyoganda kwenye kidonda ataelewa kwa nini nililisoma hilo mara mbili. Ila tafadhali sana, wazazi, asitokee mtu akabandika ngozi ya kombucha ya jikoni kwenye kidonda. Ile ina vijidudu hai.

Mwisho, jambo linalotuhusu sisi tuliotoka pwani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019. Kitu cha kufungia chakula bado kinatafutwa, na magazeti hupenda kuandika kwamba nanoselulosi ina nguvu kuliko chuma cha pua. Sentensi hiyo ina ukweli ukilinganisha kwa uzito, na ukizungumzia uzi mmoja, ukiwa mkavu. Karatasi ya nanoselulosi ikiwa kavu huzuia oksijeni vizuri sana, korosho zingekaa ndani yake bila kuchacha. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 70 hivi, nyuzi zinalegea na oksijeni inaanza kupenya. Katika nyumba ya hapa yenye hita wakati wa baridi, unyevu uko chini ya hapo. Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, ambako watu hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi ili isilowane, unyevu wa asilimia 80 ni jambo la kawaida. Karatasi iliyofaulu mtihani Stockholm inaweza kufeli Forodhani.

Dawa zipo, na zote zinacheza na ile mikono. Tokyo walizitia nyuzi zao madini kama kalisiamu na aluminiamu. Chembe moja ya madini hayo ina chaji chanya zaidi ya moja, kwa hiyo inashika uzi huku na uzi kule kwa wakati mmoja, na karatasi ikilowa haiachii kirahisi. Wengine huificha nanoselulosi katikati ya tabaka mbili za kitu kisichopitisha maji, kama nyama ndani ya sambusa. Hiyo inafanya kazi, ila inakuwa vigumu kuitenganisha baadaye ili itumike upya. Kwa hiyo mkisoma popote kuhusu karatasi itakayochukua nafasi ya plastiki, tafuteni sentensi inayosema ilipimwa katika unyevu wa asilimia ngapi. Isipokuwepo, subirini.

Jumamosi ijayo darasa la kati tutafanya jaribio la shashi na uzi. Kila mtoto alete shashi mbili na uzi wa pamba urefu wa mkono wake, na aje anajua kutumia maneno haya matano: mnato, rojo, unyevu, kulowa, kukauka. Mimi nitaleta nata de coco ya kubana na kuonja. Mwenye mtoto asiyeweza kula nazi aniambie kabla ya siku hiyo.